Malipo Yaliyofichwa na Imani Inayopungua kwa Washawishi wa Mitandaoni

Kwa muda mrefu, mkazi wa Nairobi aliyetaka kununua mafuta ya ngozi, kukata tiketi ya tamasha au kuchagua mahali pa kuweka akiba yake alitazama kwanza yule anayemfuata Instagram, TikTok au YouTube amesema nini. Siku hizi, chini ya video zilezile, watazamaji huuliza: umelipwa ngapi? Kwa sisi tunaoelimisha umma kuhusu haki za watumiaji wa bidhaa, swali hilo ni la haki kabisa, na lilistahili kuulizwa mapema zaidi.

Chanzo cha shaka hii hakiko kwenye bidhaa peke yake. Mnamo Septemba 2021, wakfu wa Mozilla, shirika linalotetea intaneti iliyo salama kwa watumiaji, ulichapisha utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu kampeni za kulipiwa katika Twitter (sasa X) nchini Kenya. Walieleza jinsi washawishi walivyolipwa takriban dola 10 hadi 15 ili kushiriki katika kampeni, huku maagizo na maneno ya kuchapisha yakisambazwa katika makundi ya WhatsApp. Miongoni mwa walioshambuliwa walikuwa majaji na wanaharakati waliopinga BBI, mpango wa kurekebisha Katiba ya Kenya. Hashtegi ilipovuma, mwananchi aliyeifungua akiwa ndani ya matatu kuelekea kazini alidhani kwamba hayo ndiyo maoni ya Wakenya wengi, kumbe ni sauti chache zilizonunuliwa na kurudiwarudiwa. Mtu akishagundua kwamba hata hasira aliyoisoma ilikuwa na bei, si rahisi aamini sifa za sabuni kutoka kwa mdomo uleule.

Tatizo hili halipo Kenya tu. Mwaka 2022 nchini Marekani, Kim Kardashian, nyota wa televisheni, alikubali kulipa dola milioni 1.26 baada ya kutangaza sarafu ya kidijitali ya EthereumMax bila kueleza kwamba alikuwa amelipwa dola 250,000 kwa chapisho hilo. Kosa lililotajwa na wasimamizi wa masoko ya mitaji lilikuwa kuficha malipo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kulipwa kwa kazi ya matangazo si dhambi. Ni ajira inayolisha vijana wengi wa jiji hili, na Sheria ya Fedha ya 2023 iliitambua ilipoweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla ya mtu kulipwa, ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali ya wakazi wa Kenya. Kinachoumiza ni tangazo kuvikwa vazi la ushauri wa rafiki. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma, na inalitaka Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza madai ya uongo au ya kupotosha katika kukuza bidhaa. Katika kamari, ambako hasara imefika hadi kwenye karo za wanafunzi, bodi iliyosimamia sekta hiyo wakati huo ilitoa masharti mnamo Mei 2025 yaliyokataza kutumia watu mashuhuri na washawishi katika matangazo. Naona hatua hiyo ilifaa.

Hata hivyo, kumkataa kila anayezungumza mtandaoni kungekuwa hasara nyingine. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipojadiliwa, vijana waliufafanua kwa video fupi na kuutafsiri katika lugha mbalimbali za Kenya, na watu wengi wakawasikiliza, kwa sababu yeyote aliyetilia shaka angeweza kuufungua mswada wenyewe na kusoma kifungu kilichotajwa. Imani ya namna hiyo ina msingi, kwani msemaji hamzuii msikilizaji kuhakikisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, tafuta kile kinachoweza kuthibitishwa nje ya video. Anayekuhimiza kuwekeza akutajie jina kamili la kampuni, nawe ulitafute katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Akikataa kulitaja, usiendelee. Kwa vipodozi, angalia namba ya kibali iliyo kwenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ikitanguliwa na SM#, ili uone kama kibali hicho kipo na ni cha bidhaa ipi. Tahadhari hii ni muhimu hasa kwa krimu za kung'arisha ngozi, kwa kuwa zile zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, hata kama uso unaozitangaza unapendeza kiasi gani.

Aliyekwisha kudanganywa asinyamaze kwa aibu. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, yakiambatana na ujumbe wa malipo, jina la akaunti na picha ya skrini ya tangazo lenyewe. Picha hiyo ipigwe siku ileile, kwa sababu stori za Instagram hutoweka baada ya saa 24, na bila ushahidi huo aliyetangaza anaweza kukana kila neno.