Dagaa wa Kigoma si dagaa wa Mwanza walioondolewa mchanga

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeshuka treni asubuhi alikaa meza ya mlangoni hapa kwenye mgahawa wangu Mwanga, Kigoma, akaagiza dagaa na ugali wa muhogo. Nilipomwekea sahani akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, dagaa wote si ni walewale? Hawa wenu wamekaushwa vizuri tu, hawana mchanga." Nikamwambia ale kwanza, tutazungumza. Lakini moyo ulishachemka. Maneno hayohayo nimeyasikia Tabora, nimeyasikia Dodoma, nimeyasikia ndani ya behewa usiku tukipita Nguruka, na wakati mwingine aliyeyasema alikuwa mpishi mwenzangu, mtu anayeshika samaki kila siku.

Dagaa wa Ziwa Victoria, ndio hao wa Mwanza, ni wa ukoo mmoja na samaki aitwaye ningu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, hawa wetu wa Kigoma, ni wa ukoo wa saradini, wale wa baharini. Wataalamu wanamwita yule wa Victoria Rastrineobola argentea. Kwetu wako wawili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, huyu wa pili akiwa mkubwa zaidi. "Dagaa" ni jina la umbo na la soko: samaki mdogo, anang'aa, anavuliwa kwa taa, anaanikwa, anapimwa kwa kopo. Nasaba halisemi. Kudai kwamba wetu ni wale wa Mwanza waliosafishwa ni sawa na kusema mbuzi ni kondoo aliyenyolewa.

Huhitaji maabara kuthibitisha. Chukua dagaa mkavu ambaye hajavunjika, pitisha ukucha tumboni kutoka mkiani kuelekea kichwani. Wa Tanganyika ana magamba magumu yaliyochongoka, yamejipanga tumboni kama meno ya msumeno na yanaelekea nyuma, kwa hiyo ukucha unakwaruza. Wa Victoria hana msumeno huo. Shida ni kwamba dagaa wakisafirishwa kwenye magunia matumbo hupasuka, na hapo hata mimi hubaki natazama kwa macho tu na wakati mwingine nakosea.

Dagaa wetu huyu nimemla mbali na hapa. Nilipofika Gisenyi, Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, niliagiza sambaza, samaki wadogo waliokaangwa wakakauka, wanaletwa na pilipili pembeni. Nilipotafuna wa kwanza tu nikajua niko nyumbani. Mpishi aliniambia ni samaki wa ziwa lao tangu zamani. Sikumkatiza, ila ukweli ni kwamba Limnothrissa alichukuliwa Tanganyika akapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mnamo 1967 na 1968 akapelekwa Ziwa Kariba, ambako Wazambia na Wazimbabwe wanamwita kapenta. Kwa hiyo ukila kapenta Siavonga, Zambia, umemkaribia dagaa wa Kigoma kuliko ukila dagaa Mwanza. Hili ndilo nataka wasafiri walielewe, maana wengi hufikiri ukaribu wa samaki unapimwa kwa ukaribu wa mikoa.

Sasa huo mchanga. Mchanga ni habari ya mahali samaki alipoanikwa. Ukimmwaga dagaa yeyote ufukweni, atabeba mchanga, awe wa Kibirizi hapa Kigoma au wa Ukerewe kule Victoria. Ukimwanika juu ya chanja, upepo ukapita chini na juu, atatoka safi, awe wa ziwa lolote. Hapa kwetu wapo wanaoanika chini mpaka leo, na kule Victoria wapo wenye vichanja vizuri kuliko vyetu. Kwa hiyo anayenunua kwa kigezo cha mchanga anaweza kuuziwa wa Victoria kwa bei ya Kigoma, akaondoka akishukuru. Kibaya zaidi, dagaa wetu ana mafuta mengi. Akianikwa wakati wa mvua na asikauke sawasawa, mafuta yanachacha, rangi inageuka njano, na ukimla koo linawasha. Dagaa halisi wa Kigoma aliyeharibika ni mbaya kuliko dagaa wa Mwanza aliyetunzwa. Nanusa kila gunia kabla ya kulipa, na nimewahi kurudisha magunia ya watu ninaowaheshimu.

Migebuka, samaki wengine wa ziwa letu, nao si dagaa waliokua. Mgebuka ni wa jenasi moja na sangara, na dagaa ndio chakula chake. Na ukija kipindi cha mbalamwezi usinilaumu kwamba hakuna wabichi: taa za wavuvi hazishindani na mwezi mpevu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wapate kuzaliana, tukauza wakavu tuliokuwa tumeweka akiba.

Kuna jambo linanisumbua, na nalisema wazi. Niliwahi kuletewa dagaa wa Mwanza wa chanja, safi kabisa. Nikawapika wao na wetu, sufuria mbili, nyanya, kitunguu, mawese. Nikawapa wasaidizi wangu watatu bila kuwaambia. Wawili walikosea. Nikapika tena kwa maji, chumvi na ndimu tu, wote watatu wakapatia. Kwa hiyo sijui nimlaumu kiasi gani mtu wa Dodoma aliyeletewa rosti nzito akaambiwa ni dagaa wa Kigoma. Ulimi wake ulifichwa ladha. Ninachoweza kumshauri ni aombe kuonyeshwa wakavu kabla hawajaingia jikoni, apitishe ukucha.

Yule kijana alipomaliza kula nilimletea kiganja cha wakavu. Akapitisha ukucha, akarudia, akacheka. Kisha akasema bado anawapenda zaidi wale ambao mama yake Sengerema huwaunga kwa karanga. Hapo sina ugomvi naye hata kidogo. Wale wa Victoria nimewala wakiwa na karanga na nikaongeza sahani. Nilimfungia kopo moja la wetu ampelekee mama yake, nikamsisitizia: asiwaloweke maji ya moto, awasuuze kwa maji baridi, awakaushe kwenye sufuria bila mafuta mpaka wanukie, na ndimu aikamulie mwishoni.