Jopo la Baker na Hamilton halikuamua vita vya Iraq
Wengi wangali wanaamini kwamba jopo la vyama viwili kuhusu Iraq, lililoongozwa na James Baker wa Republican na Lee Hamilton wa Democratic, ndilo lililoamua mwelekeo wa vita. Sivyo. Wajumbe wake 10, watano kutoka kila chama, walikuwa washauri tu. Mapendekezo 79 waliyoyatoa Desemba 2006, yakiwemo mazungumzo na Iran na Syria, hayakumfunga Rais George W. Bush, ambaye Januari 2007 alitangaza kuongeza zaidi ya askari 20,000. Hata hivyo, na hili ni muhimu kulitaja, ripoti yenyewe haikuikataa nyongeza ya muda mfupi mjini Baghdad, iwapo kamanda wa Marekani nchini Iraq angeona ingefaa.