"Inflammable" haimaanishi kisichowaka

Wengi huamini kuwa neno la Kiingereza "inflammable" ni kinyume cha "flammable", yaani kitu kisichoshika moto. Sivyo. Yote mawili yana maana moja: kinachowaka kwa urahisi, kama petroli.

Kinachopotosha ni kiambishi "in". Katika "invisible" kinakanusha, basi mtu hudhani na hapa kinakanusha. Lakini neno hili linatokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto, ambacho ndicho pia kilichozaa "inflame". Tena "inflammable" ndilo kongwe. "Flammable" lilishika kasi karne ya 20, baada ya wataalamu wa kinga ya moto Marekani kuanza, miaka ya 1920, kuhimiza litumike kwenye lebo, wakihofia kwamba anayesoma vibaya angeweza kuungua. Naona walifanya jambo la busara sana. Kisichowaka huandikwa "non-flammable".

Wanaosoma Kifaransa, kama wenzetu wa Kongo na Burundi, wana jozi nyingine: "inflammable" huwaka, "ininflammable" haiwaki.

Kwa hiyo pipa au kopo lenye neno "inflammable" liwekwe mbali na jiko, kibatari na sigara.