Kutoamini kabla ya kuhakiki: maana yake katika ulinzi wa mifumo ya serikali

Kutoamini kabla ya kuhakiki ni utaratibu wa usalama wa mtandao ambao haumpi mtumiaji wala kifaa haki yoyote kwa sababu tu kimo ndani ya mtandao wa ofisi. Kila ombi hupimwa upya: anayeomba ni nani, kifaa chake kimesasishwa, na je, kazi yake inamhitaji aone taarifa hiyo? Akikubaliwa, hufunguliwa kile alichoomba tu.

Utaratibu huu ulipewa jina na John Kindervag wa kampuni ya Forrester mwaka 2010, wakati taasisi nyingi zilipotegemea ulinzi wa mpakani, ambapo aliyekwisha kuingia alihesabiwa kuwa wa ndani. Hatari ya ulinzi huo wa mpakani ilidhihirika mwaka 2015, ofisi inayosimamia watumishi wa serikali ya Marekani ilipotangaza kuibwa kwa taarifa za watu milioni 21.5; wadukuzi walikuwa wametumia akaunti halali ya mkandarasi.

Mei 2021 Rais Joe Biden alitoa amri kuhusu usalama wa mtandao, na waraka wa Januari 2022 ukazitaka idara za serikali ya shirikisho ya Marekani zitimize malengo mahususi ya utaratibu huu ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha wa 2024. Kwa maoni yangu, sharti la waraka huo lenye uzito zaidi ni la uthibitishaji usionaswa kwa ulaghai, yaani njia ya kumtambua mtumiaji ambayo mlaghai hawezi kuiiba kwa kumdanganya. Mtumishi aliyedanganywa akafungua ukurasa bandia anaweza kuandika humo nywila pamoja na namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, na mlaghai akaziingiza papo hapo katika mfumo halisi. Ufunguo wa kielektroniki unaochomekwa kwenye kompyuta hauhadaiki hivyo, kwa kuwa umefungamanishwa na anwani ya tovuti halisi. Anwani ikitofautiana hata kwa herufi moja, hautoi jibu.

Ugumu mkubwa serikalini uko kwenye mifumo ya zamani, iliyojengwa kabla ya ulinzi wa namna hii kufikiriwa. Mfumo wa mishahara au wa hati za ardhi usioweza kuhakiki kila ombi huwekewa lango mbele yake lifanye kazi hiyo, huku ukitengwa na mifumo mingine. Hata hivyo, haiwezekani kuweka lango mbele ya mfumo usiojulikana kuwa upo, na ndiyo maana idara inapaswa kuorodhesha vifaa, akaunti na hifadhidata zake zote kabla ya kununua programu yoyote mpya.