Kashe nayo ina siri za watu: dhana potofu za waandika programu wa seva

Hifadhidata tunailinda kama mboni ya jicho. Kashe, yaani ghala la muda la nakala za data ili zipatikane haraka, tunaiacha hivihivi, ati ni ya muda tu. Lakini humo ndani mna sesheni na tokeni (alama zinazoonyesha nani ameingia kwenye akaunti) na namba za simu zilezile, na dhana zifuatazo ndizo huzitoa nje.

"Nimeweka no-cache kwenye Cache-Control, agizo la kashe linaloambatana na jibu la seva, kwa hiyo hakuna kinachohifadhiwa." Sivyo. no-cache inaruhusu jibu lihifadhiwe, ila lisitolewe tena kabla seva haijaulizwa kama bado ni halali. Usipotaka lihifadhiwe popote, andika no-store. Ukiandika private, kivinjari cha mtumiaji kinaweza kuhifadhi, lakini CDN, seva za kati zinazogawa nakala za kurasa kwa watu wengi, isiguse.

"Kashe ikikosewa, mtu ataona ukurasa wa zamani, basi." Waulize Valve. Siku ya Krismasi 2015, duka lao la michezo ya kompyuta, Steam, lilikuwa likishambuliwa kwa mafuriko ya maombi. Kampuni iliyowahudumia kwa kashe ikabadilisha mipangilio ili kupunguza mzigo, na mpangilio mmoja ukawa na kosa: kurasa za watu walioingia kwenye akaunti zao zikahifadhiwa, kisha zikagawiwa wengine. Valve walisema wateja wapatao 34,000 waliguswa. Kurasa nyingine zilionyesha anwani ya malipo, barua pepe na historia ya manunuzi. Washambuliaji hawakuvunja mlango wowote. Kashe yenyewe ndiyo iliyogawa.

Na usidhani kutenganisha funguo za kila mtumiaji, yaani majina ambayo data yake huhifadhiwa chini yake kwenye kashe, kunatosha. Machi 20, 2023, baadhi ya watumiaji wa ChatGPT waliona vichwa vya mazungumzo ya wenzao. Kosa lilikuwa kwenye redis-py, maktaba ya Python ya kuzungumza na Redis, programu ya kashe: ombi likikatishwa katikati, jibu lake lilibaki kwenye muunganisho, na ombi lililofuata, la mtu mwingine kabisa, likalichukua. Baada ya hapo OpenAI, wenye ChatGPT, waliongeza ukaguzi wa kuhakikisha data inayotoka Redis ni ya mtumiaji aliyeiomba. Iga hilo: hifadhi kitambulisho cha mwenye data ndani ya jibu, ukilinganishe kabla ya kulituma. Ni mistari michache tu ya msimbo.

"Redis yangu iko nyuma ya faiawoli." Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu anayeisema huwa kweli ameweka faiawoli. Amewasha ufw, programu ya faiawoli ya Linux, amefunga poti zote isipokuwa 22 na 443, halafu ameendesha Redis ndani ya kontena la Docker, yaani kisanduku cha kuendeshea programu, kwa -p 6379:6379, inayofungua poti ya Redis. Docker huandika kanuni zake mwenyewe kwenye iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, na pakiti za kontena hazipiti kwenye kanuni za ufw. Ukiuliza ufw status utaambiwa kumefungwa, kumbe poti iko wazi kwa dunia nzima. Tena picha rasmi (image) ya Redis ya Docker, kifurushi cha kuanzishia kontena, huja ikiwa imezima ile hali ya ulinzi iliyoanza na toleo la 3.2, inayowakataa wa nje pasipo nywila, hivyo bila nywila anaingia yeyote. Kwenye matoleo ya kabla ya 7, aliyeingia anaweza kubadilisha kwa amri ya CONFIG SET mahali Redis inapoandikia faili lake, na kwenye seva iliyosanikishwa kizembe bila Docker, ufunguo wake wa SSH ukatua kwenye authorized_keys, orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwenye seva.

Andika -p 127.0.0.1:6379:6379, au usifungue poti kabisa kama programu na Redis ziko kwenye mtandao mmoja wa Docker. Kisha pima kutoka nje, kwa kompyuta iliyounganishwa na bando la simu, ukitumia amri ya nc -zv, anwani ya seva na poti 6379. Kupima ukiwa ndani ya seva hakukuambii kitu.

"Data yangu ni ya kawaida, nani ataitaka?" Huenda asiitake, anataka seva yako. Februari 28, 2018, GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, ilipigwa na mafuriko yaliyofikia terabiti 1.35 kwa sekunde, yakitoka kwenye seva za Memcached, programu nyingine ya kashe, za watu wengine zilizoachwa wazi kwenye poti 11211 ya UDP, njia ya kutuma data isiyothibitisha anwani ya mtumaji. Mshambuliaji hutuma ombi dogo akijifanya ndiye GitHub, na jibu kubwa mara maelfu linaangukia GitHub. Tangu toleo la 1.5.6, Memcached huja na UDP imefungwa.

"Ndani ya mtandao wetu TLS ya nini?" TLS husimba data ikiwa njiani. Redis inaikubali tangu toleo la 6, ila lazima uiwashe mwenyewe. Kwenye seva ya majaribio, endesha tcpdump -A, amri ya kusoma data inayopita mtandaoni, kwenye poti 6379, kisha uunganishe programu yako: utasoma neno AUTH, na mbele yake nywila yako, herufi kwa herufi.