Mnipa si mti wa kupigwa na mawimbi

"Mnipa ni mkoko, kwa hiyo chumvi ikizidi ndivyo unavyostawi." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara nyuma yake kuna miche iliyokauka ufukweni.

Mnipa (Nypa fruticans) ni wa jamii ya minazi, na kweli huota mikokoni, kuanzia Sundarbans, misitu ya mikoko ya India na Bangladesh, hadi kaskazini mwa Australia. Lakini tazama unapojaa wenyewe: kwenye tope laini la milango ya mito, pale maji baridi yanaposhuka kukutana na ya bahari. Unavumilia chumvi, hauitafuti. Mche mchanga ndio dhaifu zaidi. Maji ya bahari tupu yakiukalia siku zote, hudumaa na kufa. Mawimbi nayo hulichukua tope kabla mizizi haijashika. Kwa hiyo pima maji wakati wa kiangazi, bamvua likijaa, kwani hapo chumvi iko juu kabisa. Yakikaribia yale ya bahari kuu, yaani gramu 35 za chumvi kwa lita, panda miche juu zaidi mtoni. Usipime msimu wa mvua ukajidanganya!

Wengine husema hauna shina. Linalo, limelala topeni na kugawanyika panda mbilimbili. Ndiyo maana kufyeka majani hakuuondoi.

Na hivyo vishina vya makuti ya zamani si uchafu. Mnipa hauna mizizi ya kupumulia inayochomoza kama ya mikoko mingine. Hewa hupitia kwenye vishina hivyo hadi sehemu zilizozama. Tafadhali viacheni.

Tunda linaloelea likiwa limechipua halijaoza. Ndivyo mti huu unavyosafiri.

"Mkoko wowote unafaa popote" nayo si kweli. Mbegu za mnipa zilipelekwa Calabar, Nigeria, mwaka 1906 kutoka Singapore. Leo mnipa umeenea katika delta ya Niger na kuisonga mikoko ya asili. Nje ya kwao, mimi siupandi, hata niombwe vipi.

Kuhusu tembo, yaani pombe ya utomvu wa mnipa: kugema hakuuui mti. Hukatwa shada la matunda, kisha kikonyo kilichobaki huchanjwa upya kwa kipande chembamba kila siku, na utomvu hukingwa hapo. Kilele hakiguswi.