Mkate wa boga unapogeuka bokoboko

Juzi wifi yangu aliyeko Toronto alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni mkate wake wa boga ukiwa mzima: umeumuka, umepasuka katikati kama unavyotakiwa, rangi imekolea. Ya pili ni kipande alichokikata. Kwa chini kimelala utepe mzito unaong'aa, kama uji uliopoa. "Wifi, hii ni keki au bokoboko?"

Nilicheka kwa sababu mkate ule naujua. Niliuoka mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa Ohio, kabla sijaingia kazi ya kuoka, kazi ambayo sasa nina miaka 14 ndani yake. Ikifika Oktoba, kwetu Zanzibar watu wanatazama mawingu wakisubiri mvua za vuli, na huku vuli ni majani kudondoka na maboga kupangwa barazani. Hapo ndipo watu wa kwetu wanapoanza kunipigia simu na swali hilohilo.

Mimi nasema kosa liko kwenye mkono. Mkono wa mtu wa pwani umelelewa na mkate wa mayai. Unapiga mayai na sukari mpaka bega liume, mpaka povu lisimame jeupe, na usipofanya hivyo umekwisha, maana mle hamna hamira; kinachouinua mkate ni hewa uliyoipiga wewe. Mkate wa boga unainuliwa na magadi soda, na magadi soda hayana haja na bega lako. (Nasema magadi soda ya kuokea, ule unga mweupe laini, si yale magadi ya mawe ya kulainishia maharage. Kuna mtu alichanganya. Tulitupa.)

Yakikutana na kitu chenye uchachu kidogo, kama mtindi, sukari ya kahawia au boga lenyewe, yanatoa gesi palepale. Ndiyo maana Wamarekani huiita mikate ya haraka: hakuna kusubiri unga uumuke. Bibi zao mwishoni mwa miaka ya 1700 walikuwa wakitumia chumvi iliyochujwa kwenye majivu ya kuni kwa kazi hiyohiyo, kisha mwaka 1846 Austin Church na John Dwight wakaanza biashara ya kuuza soda ya kiwandani. Gesi haikungoji. Ukishachanganya, oveni iwe tayari imeshapata moto.

Sasa huo mkono. Ngano ikikutana na maji na ikasumbuliwa, inajenga ule mnato tunaoutafuta tukikanda chapati. Kwenye mkate huu mnato ni adui: gesi inabanwa, inatafuta njia, inatoboa mashimo marefu kwenda juu kama njia za mchwa, na kinachobaki kinatafunika kama mpira. Mimi vitu vya maji naviweka bakuli moja, naweza hata kuvipiga nikitaka, hakuna neno. Vikavu bakuli lingine. Vikavu vikishaingia kwenye vya maji, naweka mashine pembeni, nashika mwiko mpana na kugeuza kutoka chini kuja juu, mara 12, mara 15. Nikiona bado kuna vidoa vya unga mkavu hapa na pale, ndiyo kwanza naacha. Uji wake unakuwa na mabonge mabonge, unatia aibu kuutazama. Uache hivyo hivyo.

Lakini ule utepe wa wifi haukutoka kwenye kupiga peke yake. Ulitoka kwenye boga.

Nilimuuliza boga gani. Akasema lile kubwa la rangi ya chungwa, la dukani, lilikuwa la bei rahisi. Basi! Lile ni boga la kuchonga sura na kutia mshumaa. Nyama yake ina nyuzi na maji mengi, utamu hakuna. Mimi mwaka ule nililichemsha la namna hiyo, kwa sababu kwetu boga la nazi linachemshwa, nikaliponda na kulimimina lote kwenye unga. Hesabu ya maji sikuifanya. Siku hizi nikifundisha huwa naliponda mbele ya watu, nalitia kwenye kitambaa cha kuchujia tui, nalining'iniza juu ya bakuli na kuendelea na mambo mengine. Baada ya saa moja nawaonyesha bakuli: maji ya njano, kikombe kizima na zaidi. Maji hayo yakiingia kwenye mkate hayana pa kwenda. Wanga unayanywa, unashindwa kushikana, unakaa chini na kuwa bokoboko.

Boga la kopo ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya boga la kopo la nchi hii hutoka Illinois, na mji wa Morton, penye kiwanda cha Libby's, hujiita makao makuu ya maboga duniani. Ajabu yake ni kwamba wanachosaga si boga la rangi ya chungwa. Ni aina iitwayo Dickinson, ganda lake la rangi ya mchanga, ndefu kidogo, jamii moja na yale maboga yenye shingo yanayoitwa butternut. Mara ya kwanza kuliona nilisema hili la shambani kwetu! Na sikukosea sana, baadhi ya maboga ya Afrika Mashariki ni ya jamii hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka boga bichi, nunua lenye shingo. Lipasue kwa urefu, lilaze kifudifudi kwenye trei, lichome kwa nyuzi 200 za Selsiasi mpaka kisu kizame bila kubishana. Usilichemshe.

Hata la kopo nalikausha. Nalitia kwenye sufuria bila mafuta, moto wa wastani, nakoroga dakika 6 au 7 mpaka likianza kushika chini na rangi ikizama kidogo. Maji yanapungua, utamu unajikusanya. Kisha kwenye boga hilohilo la moto namwaga viungo.

Hapa ndipo Wazanzibari tunapojiona mabingwa, na ndipo tunapoharibu. Mchanganyiko wanaouita "pumpkin spice", ambao kampuni ya McCormick imekuwa ikiuuza tangu 1934, hauna boga ndani. Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu au pilipili tamu ya Jamaika. Starbucks walipoutia kwenye kahawa mwaka 2003, dunia ikapagawa. Sisi tuliokua tukinywa kahawa ya tangawizi barazani tukabaki tunatazamana. Lakini kuzoea si kujua kipimo. Karafuu ya kutia ganzi jino ndiyo hiyohiyo ya kwenye keki. Mafuta yake yana kitu kiitwacho eujeno, na kikizidi, ulimi unalala na hauonji kingine. Kwa mkate mmoja natia kijiko cha chai robo, tena pungufu. Mdalasini vijiko 2 vya chai, tangawizi kavu kimoja, kungumanga nusu, niliyoikwaruza palepale. Iliki natia kwa sababu naipenda, huku si kawaida yao.

Mdalasini wa kawaida wa madukani huku ni kasia, mwingi unatoka Indonesia: gome nene, gumu, ukali wa moja kwa moja. Wetu wa Unguja ni ule wa Ceylon, magome membamba yaliyoviringishwa kama sigara, harufu yake ya chini chini. Kwenye chai nachagua wetu bila kufikiri. Kwenye mkate huu, wenye boga na sukari ya kahawia, wetu unazama. Natia kasia, na mama yangu asisikie.

Vipimo vyangu kwa bati la mkate la sentimita 23 kwa 13: unga wa ngano gramu 220, boga lililokaushwa gramu 240, sukari gramu 200 nusu yake ya kahawia, mayai 2, mafuta ya maji mililita 120, mtindi mililita 60, magadi soda kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai. Magadi usiongeze ukidhani mkate utapanda zaidi; utapata ladha ya sabuni na rangi nyeusi. Mafuta yawe ya maji, si siagi: siagi ikipoa inaganda na mkate unakauka, mafuta yanabaki majimaji hata kesho.

Oveni nyuzi 175, kuanzia dakika 55. Kijiti kinadanganya, kinaweza kupita kwenye ufa kikatoka kikavu huku pembeni pabichi. Nunua kipimajoto cha nyama, ukichome katikati. Kikisoma 95 toa. Wifi alitoa dakika ya 50 kwa sababu wageni walikuwa mlangoni.

Na wageni hao wangengoja, maana mkate huu siku ya kwanza haujakaa sawa. Ukipoa kabisa ufunge, uulaze usiku mmoja, karafuu na kungumanga viingiane. Kipande cha siku ya tatu nakiweka kwenye chuma cha chapati na samli kidogo, mpaka kingo zikauke na sukari ianze kunuka.